Neno Kwenye Kola ya Mama Mkwe

Dobi huyu hakuwa mtu mbaya, ila sindano yake ilikuwa na domo. Kila nguo inayoingia kwa dobi lazima iwe na alama ya mwenyewe, la sivyo suruali ya huyu itaishia kiunoni mwa yule, na hapo patachimbika. Wino ulikuwa unafutika kwa sabuni. Basi akajitungia alfabeti yake ya uzi mwekundu: irabu tano akazipa nukta, yaani vifundo, kuanzia kimoja hadi vitano, konsonanti akazipa vistari, vingine vimesimama, vingine vimelala, vingine vimeinama. Aliipenda mpaka akawa anachekacheka peke yake mbele ya pasi.

Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuisoma, akaacha kushona majina. Mwalimu wa jirani akapata MAJIVUNO ndani ya kola. Mwenye duka, MBAHILI. Mama mkwe wake alihamia kwao macho yalipoanza kufifia, na siku hiyohiyo bomba likapasuka, nyumba nzima ikalowa. Magauni yake yote yakashonwa KISIRANI.

Mama yule alikuwa na donda moja rohoni: kuvalishwa na binti yake kama mtoto mchanga. Siku aliyojichagulia nguo mwenyewe alikwenda kumwona mgonjwa hospitalini amevaa gauni la kulalia, wodi nzima ikacheka. Tangu hapo hakutoka tena. Aliposikia mkwewe akijisifu kuwa alama zake zinasomeka hata kwa vidole, akamwendea.

"Baba, nifundishe. Nijue lipi la kulalia na lipi la kutokea."

Dobi akavimba kichwa kwa sifa, akakubali, kisha akaikumbuka KISIRANI, jasho likamtoka. Akayafumua magauni yote kabatini, akashona upya: LALA kwa ya kulalia, SAFARI kwa ya kutokea. Akayamaliza yote, isipokuwa moja. Hilo mama mwenyewe alikuwa amelivaa, na masikini dobi akalisahau kabisa.

Kisha akamfundisha herufi zote, na maneno hayo mawili. Siku chache baadaye mama akaja kibandani kwa dobi na mkongojo wake, gauni lile mkononi, amenyong'onyea. Akasema amelipapasa tangu asubuhi na limemshinda. Alitarajia SAFARI, lakini kila akirudia anapata KISIRANI.

"Labda vidole vimezeeka. Nimekosea wapi?"

Dobi akajifanya kuichunguza kola. "Umekosea pale mwanzo tu, mama. Ni safari hiyo."

Mama akatikisa kichwa. Akasema basi, alikuwa anajidanganya bure, binti yake aendelee tu kumvalisha. Akageuka, akaanza kuutafuta mlango kwa mkono.

Hapo ndipo dobi alipotamani ardhi ipasuke. Kumtukana mama mkwe ilikuwa aibu tosha, sasa alikuwa anampokonya na macho aliyompa mwenyewe. Alimtazama akipapasa ukuta, akashindwa kuvumilia.

"Mama, hujakosea. Umesoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika hivyo."

Mama akasimama. Kidole kikapita tena juu ya vifundo, taratibu, herufi kwa herufi. Dobi akaomba radhi huku ameinamisha uso, akanyoosha mkono apewe gauni akalifumue.

"Liache," mama alisema. "Ndilo neno la kwanza nililosoma mwenyewe, bila kufundishwa."

Tangu siku hiyo kila akienda kwa watu alijichagulia gauni hilohilo, mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Na kila mara aliyelipiga pasi alikuwa mkwewe, kuanzia kwenye kola.