Pembe ya Tano

Jana binti yangu alifukiza nguo zake kwa uunsi, ule ubani wetu wa sukari, na moshi ukanirudisha chumbani kwa ayeyo, bibi yangu mzaa mama, kule Garissa.

Ilikuwa baada ya alasiri, redio ikihubiri vyama vingi. "Funga mlango," aliniambia, "na ukitoka hapa hujaona kitu." Wageni wake walikuwa wanawake watatu wazee, kila mmoja na ukoo wake, koo zilizokuwa hazisalimiani visimani. Ayeyo akatoa kwenye sanduku la bati kitambaa cha buluu kilichopauka. Katikati ilibaki alama ya nyota, buluu iliyokolea, pale ambapo nyota yenyewe ilikuwa imekinga jua.

"Bendera hii tuliishona miaka ya sitini, tulipotaka kujitenga na Kenya tuungane na Somalia," alisema. "Wanawake watano, kila mmoja pembe moja. Askari walipoanza kupekua nyumba, kila mmoja akafumua yake akaificha."

Wakafungua vifundo vya shuka zao, kila mmoja akatoa kipande cheupe na kukilaza mahali pake. Ayeyo akaweka chake. Vikawa vinne.

"Na cha tano?" nikauliza, kwa kiherehere changu.

"Mwenzetu alizikwa nacho," mmoja akajibu, akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

Ayeyo akaushika mkono wangu, ukinata halua, akaulaza pale palipobaki wazi.

"Usiutoe mpaka tumalize chai."

Walikunywa polepole mno. Mkono uliingia ganzi hadi begani, na sikuutoa.