Moshi wa Zizini

Jirani amechoma samadi kavu kufukuza mbu, na kifua kimenibana kabla sijauona moshi.

Kwetu Misunkumilo, baba aliwasha moshi kama huo zizini ili nzi wasisumbue ng'ombe. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na pumu. Ilipotubana, mama alitutegea sikio migongoni. "Wewe yako ndogo," aliniambia, akambeba mwenzangu kwenda zahanati. Niliuchukia udogo ule.

Asubuhi moja niliingia zizini, nikauvuta moshi makusudi mpaka nikakosa sauti. Mama alinibeba mimi. Mdogo wangu alitufuata kwa miguu, akisimama kila mara kutafuta pumzi. Alipotufikia, alinishika mguu akasema, "Pole, dada."