Debe Lililogongwa kwa Bomu

Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi nilitambua kwamba chuma ambacho wateja wa dada yangu walikuwa wakigongea debe kilikuwa bomu.

Nilikuwa nimetoka Kitale alfajiri kwenda kumtengenezea injini ya mashine yake ya posho, upande wa Chwele, kaunti ya Bungoma. Dada yangu ni mjane, na mashine hiyo ndiyo karo ya wanawe na ndiyo chakula chao. Mbali na kusaga, huuza mahindi kwa debe. Mnunuzi wa huko hakubali debe lililojazwa tu. Lazima ligongwe ubavuni mpaka punje zishuke, kisha lijazwe tena. Kwa kazi hiyo dada alinunua chuma kizito kwa mwuza vyuma vikuukuu sokoni, akakiweka mlangoni. Kwa miaka miwili kila mnunuzi alikishika na kugonga mwenyewe, kwa sababu aliyegonga mwenyewe hawezi kusema amepunjwa.

Asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa amekiinua. Kutu ilikuwa imebanduka mkiani, nami nikaona mapezi, kama ya samaki, yamepangwa kuzunguka bomba fupi. Nikamwomba akiweke chini polepole, kisha atoke.

"Ati nimegonga sana?" akaniuliza. "Si hata mahindi hayajashuka!"

Niliacha shule kidato cha pili. Tangu wakati huo hukusanya katika madaftari maneno ya Kiingereza ya kazi za watu: wapima ardhi, wachimba visima, mafundi wa reli. Kitabu kimoja nilichokinunua kando ya barabara mjini Kitale kilikuwa cha wategua mabomu, nami nilikinakili karibu chote kwa raha tu, maana maneno yao ni machache na hakuna linalopotea bure. Humo ndimo nilimoyaona mapezi yale, katika mchoro wa bomu la kombora.

Polisi wa kituo walikuja, wakatuondoa sote, wakafunga kamba kuzunguka eneo. Wataalamu walifika saa nane: afisa mmoja mwanamke na wasaidizi wawili. Afisa alikwenda peke yake hadi mlangoni, akachutama, akarudi. Kisha akawaambia wenzake kwa Kiingereza, bila kupaza sauti: "Blow in place."

Neno hilo nilikuwa nimelitafsiri zamani, "kulipua papo hapo", halafu nikalifuta, kwa sababu papo hapo husemwa kwa jambo la haraka, na neno hili halina haraka yoyote. Linasema mahali tu. Kitu hakibebwi, hakifunguliwi; kinaangamizwa pale kilipolala. Wategua mabomu hulitumia pale ambapo kukisogeza ni hatari kuliko kuvunja kila kilicho karibu nacho. Bomu lililorushwa likakataa kupasuka, hakuna ajuaye linangoja nini. Na sasa neno la daftarini lilikuwa limetoka katika kinywa cha mtu aliye hai, hatua kumi kutoka niliposimama. Nakiri kwamba nilifurahi kwanza, ndipo nikakumbuka kilichokuwa nyuma ya mlango ule.

Walionizunguka walifurahi pia, kwa sababu nyingine. Gari la wataalamu lilirudi nyuma, likafunguliwa mlango wa nyuma, na naibu wa chifu akatangaza kwamba kizibiti sasa kinabebwa, kama polisi wabebavyo mitungi ya pombe ya chang'aa waliyokamata. Dada yangu alikuwa ameanza kumshukuru Mungu.

"Hawalibebi," nikamwambia. "Watalilipua hapo hapo mlangoni."

"Na mashine yangu?"

Alipita chini ya kamba akamfuata afisa, akamsihi waiondoe injini kwanza. Afisa alimrudisha kwa upole. Alieleza kwamba injini iko hatua tatu kutoka kwenye bomu, kuing'oa kunahitaji wanaume wanne na mitaimbo, na yeye hatawaweka wanaume wanne hapo.

"Injini hununuliwa, mama."

"Hununuliwa na nani, Afande?"

Hapo nikamwuliza afisa kuhusu ukuta wa gunia za udongo, ambao katika kitabu changu ulichorwa ukurasa uleule wa neno lake. Akanitazama kuanzia viatu.

"Umesomea wapi, mzee?"

"Kitale, Afande. Jikoni kwangu."

Alicheka, lakini alijibu swali. Garini alikuwa na gunia ishirini. Ili kuikinga mashine alihitaji zaidi ya mia moja, na ziwe tayari kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu hatafanya kazi gizani wala hataliacha bomu lilale hapo.

Huo ulikuwa msimu wa mavuno. Msimu huo gunia tupu ni adimu, hufichwa chini ya kitanda. Dada alikuwa na arobaini, akazitoa zote. Majirani, walipoombwa zao, walitazama chini. Mmoja alitaka kujua nani atarudisha gunia lililotobolewa na bomu. Ndipo akasema mzee mmoja, mteja wa kila wiki, maarufu kwa ubahili:

"Mimi hiyo chuma nimegonga mara mingi kuliko nyinyi wote. Kama ingeniua, gunia ningeenda nazo wapi?"

"Leo mvua ya mawe itanyesha," jirani yake akamwambia. "Wewe unatoa kitu?"

"Nyamaza, ulete zako. Hata wewe ulikuwa unagonga, bana."

Watu walicheka, wakatawanyika kwenda nyumbani mbio. Walirudi na gunia na majembe. Tulichimba udongo nyuma ya kanisa, mbali na kamba. Mimi nilihesabu, wengine walijaza na kushona. Wasaidizi wawili wa afisa walizipanga wenyewe, wakitokwa na jasho ndani ya mavazi yao mazito. La tisini na mbili kati ya zetu liliingia saa kumi na dakika hamsini. Afisa akasema zilizopo zitatosha, ama hazitatosha.

Saa kumi na moja na dakika ishirini ardhi ilinipiga nyayoni kabla sauti haijafika. Vumbi lilisimama juu ya paa. Dada alianza kukimbia, afisa akamshika mkono. Wataalamu walingoja nusu saa nzima, kama kitabu kisemavyo, kabla mtu yeyote hajakaribia.

Mlango haukuwepo. Mabati matatu yalikuwa yamekunjika. Gunia zilipasuka zote, udongo umejaa hadi kwenye kinu. Nilipangusa injini, nikakaza boliti mbili, nikaizungusha kwa mkono. Ilikohoa, ikakubali.

Dada alisema atalilipia kila gunia la jirani, nami nikapiga hesabu. Hamsini na mbili za majirani na arobaini zake, kila moja kwa shilingi hamsini, ni elfu nne na mia sita. Mlango, elfu sita na mia tano. Mabati, elfu tatu na mia sita. Hasara yote: shilingi elfu kumi na nne na mia saba.