Laleni Hapa, Msifikirie Nyumbani

Yoga nilijifunza mwenyewe, kwa video na kitabu kimoja chenye michoro, baada ya mgongo wangu kukwama nilipokuwa nimeinama kusoma lebo ya katoni ghalani ninakofanya kazi, Masoro, hapa Kigali. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilifuata utaratibu wa ghala: kila mkao niliupa jina la Kiswahili, nikauandikia maelekezo, nikajisomea kwa sauti chumbani kwangu Kabeza mpaka mwili ukaelewa. Niliamini maneno yangu yamekamilika. Yalikuwa yamekamilika kwa mtu wa Tabora anayeishi peke yake.

Aliyenitoa chumbani ni fundi wangu wa nguo wa Nyamirambo, mama wa makamo, umri sawa na wangu, anayenishonea suruali tangu nihamie Kigali. Siku hiyo alinipima akiwa amekaa kitini, kwa sababu kuinama kulikuwa kumemshinda. Daktari alikuwa amemwambia achague: afanye mazoezi ya mgongo au aachane na cherehani. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake.

"Nitakufundisha," nikamwambia. "Utafanya kila jioni, nyumbani, peke yako."

"Peke yangu? Mama akinikuta sakafuni miguu juu, ataita shehe anisomee. Tuwe wengi, au basi."

Wengi aliwatafuta mwenyewe: wanawake wanne wenye biashara ndogo mtaani kwake. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Mambo ya moyoni waliyasema kwa Kinyarwanda. Jumapili alasiri, dukani kwake, tulisogeza meza ya kukatia vitambaa, nikapitisha sumaku sakafuni kuokota pini, tukatandika mikeka. Nikawasha muziki kwenye simu, filimbi na maji yanayotiririka, uleule ulionituliza mimi Kabeza.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mkao wa mwisho, ule wa mapumziko. Nikasoma maelekezo kama nilivyoyaandika: "Sasa tutalala hapa, wote pamoja. Laleni. Msifikirie nyumbani."

Hakuna aliyelala isipokuwa fundi. Maji yakaendelea kutiririka.

"Turare hapa?" akauliza muuza mkaa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita wateja. Kwa Kinyarwanda, kurara ni kupitisha usiku mahali, na masikio ya Kigali hayaoni sababu ya kutenganisha l na r. "Oya, hapana, mwarimu. Mimi iko na bwana."

"Hata bwana wako angefaidika kulala hapa," nikamjibu, kwa nia njema kabisa.

Akavaa viatu. Wenzake watatu wakavaa vyao. Fundi alibaki chali, kwa kuwa hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono.

"Umewafukuza," akaniambia akitazama dari. "Na mimi peke yangu sifanyi, nilikwambia. Haya, ninyanyue, nikauze cherehani."

Hakuiuza. Wiki nzima alipita duka kwa duka kueleza, na jibu lilikuwa moja: muuza mkaa akirudi, tutarudi. Jumapili iliyofuata muuza mkaa alikuja; wenzake watatu waliingia wakakaa mikekani, lakini yeye alisimama nje barabarani. Aliyeingia badala yake ni mumewe, mpiga kinanda wa harusi, akiwa na kinanda chake mgongoni kwenye mfuko mrefu, njiani kwenda kazini.

"Ni wewe mwarimu unalaza bibi za watu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Kuna kulala kwa mwili na kulala kwa usiku," nikaanza. "Mkeo nilitaka kumlaza kwa mwili tu."

Fundi akajifunika uso kwa kipande cha bitana. "Shemeji, usimsikilize akieleza. Huyu akieleza anaharibu. Anajua migongo tu, basi."

Bahati yangu, mpiga kinanda alikuwa ameacha kunisikiliza. Alikuwa ameinamia simu yangu.

"Na hii ni nini?"

"Muziki wa kutuliza."

"Hii? Hii ni bomba imepasuka! Unaambia watu wapumzike, na maji inamwagika? Kila mtu hapa anatafuta ndoo." Akaizima simu bila kuomba ruhusa, akafungua mfuko wake. "Wewe nyamaza. Mimi nitawaambia."

Alichokuwa anakijua ni harusi. Alipopiga wimbo wa bibi harusi kuingia ukumbini, wanawake walisimama bila kuambiwa, mabega nyuma, shingo ndefu. Ukurasa wangu mzima kuhusu uti wa mgongo haukuwahi kuleta hata nusu ya hayo. Wimbo wa kukaribisha watu chakulani uliwainamisha kiunoni, kila mmoja kama anayenawa mikono. Wimbo wa bibi harusi kuaga kwao ulikuwa kosa. Walikaa chini wakalia, na mmoja akataka kumpigia simu mama yake. Nilipendekeza tuuondoe. Walikataa, wakisema ndio uliowafungua vifua kuliko yote.

Kwa mapumziko akapiga wimbo aliowabembelezea watoto wake. Muuza mkaa, ambaye kufikia hapo alikuwa ameingia mpaka katikati ya mkeka, alilala wa kwanza. Alikoroma kidogo. Mumewe alichelewa harusini.

Toka siku hiyo sikusoma maelekezo tena. Kazi yangu ilibaki kupitisha sumaku na kumshika mkono fundi wakati wa kuinuka, mpaka Jumapili moja akainuka kabla sijafika. Nikarudi kwenye sumaku yangu, maana nilishajua hasara ya kusema. Baada ya muda akaacha kutandika mkeka kabisa.

"Leo sifanyi," alinitangazia akiwa amekaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga. "Nina magauni ya wasimamizi wa harusi."

"Darasa hili lilianzishwa kwa ajili ya mgongo wako," nikamkumbusha.

"Na mgongo umerudi kazini. Nyinyi endeleeni, siwazuii."

Akaanza kukanyaga. Mpiga kinanda akasimamisha vidole. "Dada, unakimbiza wimbo."

"Harusi ni Jumamosi, shemeji. Wimbo unifuate mimi."

Wimbo ukamfuata, na sisi tukaufuata wimbo. Kwenye pindo refu la chini tulivuta pumzi ndefu, nzuri, kama walivyochorwa watu wa kitabuni. Kwenye mzunguko wa kwapa la gauni tulihema kama tuliopanda mlima. Uzi ulipokatika, hakuna aliyejua kama ni zamu ya kuvuta au kutoa. Kisha akaanza upya kwa kasi tukiwa tumesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, kinanda kikimkimbilia nyuma.

"Mwarimu, tunashuka saa ngapi?" muuza mkaa akauliza kwa meno yaliyobanwa, akiyumba.

Nikamtazama mpiga kinanda. Mpiga kinanda akamtazama fundi.

"Vumilieni," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Umebaki mkono mmoja."