Aliyeniruka Miguu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kwetu Mabawe, lilikuwapo neno moja la Kihangaza lililoweza kunigandisha hapo hapo nilipo: kirazira, yaani mwiko. Bibi hakulitumia ovyo. Ukivunja chungu, uliitwa mjinga, yakaisha. Ukimjibu mkubwa, ulikula kofi. Lakini ukikalia jiwe la kusagia, au ukiruka miguu ya mtu aliyekaa, hapo ndipo alipolitoa.

Mwaka huo nilikuwa naitamani shule, acha tu. Enzi zetu mtoto alipitishwa mkono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, anaandikishwa. Vyangu vilikuwa vinakaribia. Kila asubuhi nilijipima.

Alasiri moja nimekaa uani na bibi, miguu nimeinyoosha, tunamenya maharage. Akaja Kabula, binti wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao ng'ambo ya bonde, kuomba moto. Kwa haraka zake akaniruka miguu.

"Kirazira!" bibi akasema. "Rudi ulikopita! Mwenzio hatakua!"

Kabula hakujua Kihangaza wala desturi zetu. Alichosikia ni ukali tu. Akatimua mbio hadi kwao, moto akauacha.

Nililia, jamani! Niliiona shule inaniponyoka. Dawa ilikuwa moja tu, aliyeruka arudi aruke tena. Na kwa akina Kabula bibi alishaapa hatakanyaga, tangu ng'ombe wao walipomaliza maharage yake shambani.

Asubuhi akajifunga kitenge, akanishika mkono, tukavuka bonde.

"Kalibuni. Shikamoo, mama," alisema mama Kabula, wasiwasi umemjaa. Kabula mwenyewe alijificha nyuma ya ghala, akijua tumekuja kumshtaki.

"Marahaba. Sikuja kugomba," bibi akasema. "Nimekuja kumwomba mtoto wako aruke."

Kisha, na mvi zake zote, akaketi vumbini kando yangu, akanyoosha miguu, ili mtoto aone hachapwi. Kabula akajitokeza, akaturuka wote wawili kwa mpigo. Haya! Sasa bibi naye karukwa. Ikabidi Kabula arudi juu ya miguu ya bibi, akatua katikati yetu, na hapo mama yake akaangua kicheko. Bibi alijikaza, akashindwa, akacheka naye. Tulirudi nyumbani na kibuyu cha maziwa mgando.

Vidole havikufika sikioni mwaka ule. Niliandikishwa mwaka uliofuata, siku moja na Kabula. Hadi leo mimi ni mfupi, na watani wangu husema Kabula hakuruka sawasawa.

Kanisani walituambia kirazira ni dhambi, shuleni wakasema ni ushirikina. Mimi sikubaliani nao. Mdomoni mwa bibi neno lile lilimaanisha umempita mwenzio kama gogo, basi rudi. Na yeye ndiye aliyetangulia kurudi, akavuka bonde aliloapa kutolivuka.

Msibani kwake, mwaka jana, wanawake tulikaa mkekani miguu tumenyoosha. Kabula alifika amechelewa, macho yamejaa machozi, akanivuka bila kuniona. Akasimama ghafla. Kisha, mama mtu mzima yule, akageuka mbele ya watu wote, akanivuka tena kurudi alikotoka, akazunguka, akaja kukaa ubavuni mwangu. Hakuna aliyemwambia arudi.

Siku nzima nilikuwa sijalia. Hapo ndipo nilipolia.