Meno ya Karani

Daktari wangu wa meno ni kijana mwenye meno yake yote, kwa hiyo ana imani kubwa. Majuzi alinieleza habari za vipandikizi: skrubu ndogo inazamishwa kwenye mfupa wa taya, jino jipya linakaa juu yake, na hapo utatafuna mahindi ya kuchoma, utasema bila kurusha mate, utacheka mbele za watu, na taya halitanywea. Nilimwuliza litakuwa jino la nani. Akadhani ninatania.

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa na meno manne ya mbele, ya juu, yaliyochongwa ncha, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa siku zake. Mama alikuwa akisema kwamba aliyaona meno hayo kabla hajamwona mwenyewe, na kwamba hayo ndiyo yaliyomfanya akubali kuolewa. Mama alipofariki, mwishoni mwa miaka ya sabini, Baba alihamia kwangu, mtaa wa Umoja. Meno yakaanza kung'oka, moja baada ya jingine, hadi yote manne yakaisha. Tangu hapo alizungumza kiganja kikiwa kimefunika mdomo, na akaacha kabisa kucheka.

Ningependa kusema kwamba nilimpeleka kwa daktari wa meno wa siku hizo kwa huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani, ninavaa viatu vya visigino, nimechumbiwa na mtu wa Murang'a, na wazazi wake walikuwa wanakuja kutuona nyumbani kwa mara ya kwanza. Sikutaka wamkute mzee wa mapengo anayenena nyuma ya kiganja. Baba akiwa bado kwenye benchi nje, niliingia nikamwambia daktari atengeneze meno ya bandia, ya kuvaa na kuvua, yaliyonyooka sawasawa kama yangu. Baba hakuulizwa. Nani anamwuliza mzee anataka meno ya namna gani?

Meno yalikuja meupe, yamepangwa kama vigae vya bafuni. Baba alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Haya ni ya karani," akasema.

"Ni mazuri, Baba."

"Sikusema ni mabaya."

Faida zote tulizoahidiwa zilitimia. Alitafuna nyama. Alisema "asante sana" bila kupiga mluzi. Jirani yangu alimwambia, "Mzee, sasa wewe ni meneja," nami nikajipongeza kana kwamba nimeyaotesha mwenyewe. Jambo moja tu lilikataa: kiganja hakikutoka mdomoni. Awali alificha mapengo, sasa alificha meno.

Jumamosi, siku moja kabla ya wageni, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi mlangoni, juani. Alikuwa ameyafunga yale meno kwa kitambaa na kuyabana kati ya magoti, kama alivyozoea kubana swara wake wa mti anapowachonga pembe. Tupa ilikuwa mkononi, msasa pajani. Alikuwa amekwisha maliza. Meno manne ya mbele yalikuwa na ncha, moja likiwa fupi kidogo kuliko mengine, sawasawa na lile la zamani. Na kwa kuwa mchonga vinyago hatoi kazi bila kuing'arisha, alikuwa ameyapaka rangi ya viatu ya kahawia na kuifuta taratibu mpaka ule weupe wa ofisini ukafa.

Nilifoka. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba ameniharibia, kwamba watu wa Murang'a watafikiri nimetoka porini, kwamba ni heri angebaki na mapengo yake. Alingoja nimalize, kisha akapuliza vumbi kwenye tupa.

"Mama yako yuko anakoningojea," akasema. "Nikifika huko na yale ya karani, atauliza huyu mzee ni wa nani."

Nikazidi kukasirika. Niliingia jikoni nikaanza kutunga uongo wa kuwaambia wageni: ajali, ugonjwa, fundi mlevi.

Walikuja Jumapili kutoka kanisani, wamependeza, wametulia. Baada ya sala na chai, mama wa mchumba wangu alimkazia Baba macho. Nikauweka uongo wangu tayari.

"Mzee, kwa umri huu na meno bado unayo," akasema. "Ni yako kweli?"

"Ni yangu," Baba akajibu. "Nimeyachonga mwenyewe, jana."

Kisha akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau, na wageni wakacheka naye mpaka yule mama akajifuta machozi kwa leso. Viganja vya Baba vyote viwili vilikuwa vimetulia magotini. Nilichukua sinia la vikombe, ambavyo bado vilikuwa na chai, nikaenda nalo jikoni, nikalia huko kwa sababu ya maneno niliyomwambia Jumamosi.