Uwanja Niliomtafutia Bosi

Bosi wetu mpya aliniambia nimtafutie hapa Eldoret mahali pa kucheza padel, ule mchezo wa raketi unaochezewa ndani ya kuta za kioo. Mimi ni karani wa muda tu, na kuandikwa kwangu kuko mikononi mwake, kwa hivyo sikuthubutu kusema sijui.

Nikazunguka Munyaka, nikafika mpaka Yamumbi. Huko nikaona jengo jipya: kuta za kioo, waya juu, zulia la kijani, na ndani watu wanapiga makofi na kushangilia. Ningeingia niulize, lakini niliogopa kuonekana mshamba. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata nikampeleka bosi, akiwa na kaptura yake nyeupe na raketi. Mama mmoja mlangoni akatusalimia kwa mikono miwili.

"Karibuni sana. Wageni wetu hukaa mbele."

Nikamnong'onezea bosi, "Unaona vile wanajua kazi?"

Tulipoketi ndipo nikaona msalaba. Bosi pia aliuona. Kutoka hakungewezekana, kanisa lote lilikuwa nyuma yetu.

"Wageni wasimame," mchungaji akasema, "watuambie wameletwa na nani."

Bosi akasimama, raketi mkononi. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nimeletwa na huyu karani wangu. Aliniambia tunakuja kucheza."

Mchungaji, na kusema haki alikuwa mpole, akanigeukia.

"Basi karani, njoo hapa mbele utufundishe."